Muda Unapopotelea: Historia ya Mtandao Usio na Waya na Kuchelewa Kwake

Malalamiko ni yaleyale Dar es Salaam, Mombasa hata Kampala. Mtu ameongeza bando, faili kubwa zinashuka haraka kuliko zamani, lakini simu ya video bado inakwamakwama. Maneno yanafika yamechelewa, wawili wanaanza kusema kwa pamoja, kisha wote wananyamaza wakingojeana. Ananunua bando kubwa zaidi, na kwikwi haiondoki.

Haiondoki kwa sababu anachonunua na anachokosa ni vitu viwili tofauti. Megabiti kwa sekunde hupima mzigo unaoweza kupita kwa muda fulani. Hazipimi muda ambao pakiti moja ya data hutumia kwenda na kurudi, na muda huo ndio unaotawala mazungumzo, michezo, malipo na hata kufunguka kwa ukurasa wa kawaida. Muda huo hupotelea mahali patatu: katika umbali, katika kugawana hewa, na katika foleni. Kila mahali paligunduliwa katika zama zake, na mara nyingi jitihada za kuziba pengo moja ndizo zilizofungua jingine. Tukiifuata historia hiyo tunaona kwamba sehemu kubwa ya kuchelewa kwetu haikuletwa na maumbile. Ililetwa na maamuzi ya watu, na watu wanaweza kuiondoa.

1879–1912: Waya unafika Unguja, mawimbi yanavuka Atlantiki

Januari 1879 jeshi la Waingereza lilishindwa na Wazulu pale Isandlwana. Habari hiyo ilichukua karibu wiki tatu kufika London, kwa kuwa kusini mwa Afrika hakukuwa na waya wa telegrafu wa kwenda Ulaya. Ilibidi habari ipande meli kwanza hadi mahali penye waya. Fedheha ya kuchelewa huko iliharakisha kazi iliyokuwa ikizungumzwa tu. Kabla mwaka haujaisha, waya wa chini ya bahari ulikuwa umelazwa kutoka Durban, kupitia Delagoa Bay na Msumbiji, hadi Zanzibar na Aden, ambako uliungana na nyaya za India na Ulaya. Jengo la kampuni ya telegrafu lingali limesimama Shangani, Unguja; leo ni sehemu ya hoteli.

Ndani ya waya umeme ulipita upesi kuliko binadamu awezavyo kutambua. Kilichochelewesha ujumbe ni meza za makarani. Katika kila kituo karani aliupokea ujumbe, akauandika, akauweka nyuma ya ule uliotangulia, kisha akaupiga upya kuelekea kituo cha mbele. Siku za biashara nyingi, au za vita, karatasi zilirundikana. Foleni ilianza zamani kuliko kompyuta.

Wakati huohuo Ulaya ilikuwa ikijifunza kutumia hewa. Kati ya 1886 na 1888 Heinrich Hertz alithibitisha, kwa majaribio aliyoyafanya Ujerumani, kwamba mawimbi ambayo James Clerk Maxwell aliyatabiri kwa hesabu yapo kweli, nayo husafiri kwa kasi ya mwanga, takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Guglielmo Marconi akayageuza kuwa biashara. Tarehe 12 Desemba 1901, akiwa St. John's, Newfoundland, alitangaza kuwa amesikia nukta tatu za herufi S zilizotumwa kutoka Poldhu, kusini-magharibi mwa Uingereza, zaidi ya kilomita 3,000 ng'ambo ya Atlantiki.

Mwaka huohuo udhaifu wa simu ya upepo, yaani telegrafu isiyo na waya, ulijionyesha hadharani. Katika mashindano ya mashua ya America's Cup karibu na New York, makampuni yaliyokuwa yakigombania kutangaza matokeo yalirusha mawimbi kwa pamoja, yakavurugana, na habari zikapotea. Waya ulikuwa mali ya aliyeulaza, lakini hewa ilikuwa moja kwa wote. Meli ya Titanic ilipozama mwaka 1912, Marekani ilitunga sheria iliyowataka warushaji wawe na leseni na wakae katika masafa waliyopangiwa. Kwa zaidi ya miaka 70 hilo ndilo lililokuwa jibu la dunia: serikali hugawa masafa, na asiye na kibali hunyamaza.

1945–1990: Kilomita 36,000 juu ya Longonot

Mwaka 1945 mwandishi Mwingereza Arthur C. Clarke alieleza kwamba chombo kikiwekwa juu ya ikweta, takriban kilomita 36,000 kutoka ardhini, kitazunguka sambamba na dunia na kuonekana kama kimesimama. Aprili 1965 setilaiti ya Early Bird ilirushwa, ya kwanza ya kibiashara ya aina hiyo. Mwaka 1970 kituo cha Longonot, katika Bonde la Ufa nchini Kenya, kilifunguliwa. Simu za Afrika Mashariki zikapata njia ya kwenda dunia nzima isiyotegemea redio za masafa mafupi, ambazo ubora wake ulipanda na kushuka kwa hali ya anga.

Lakini hesabu ya setilaiti hiyo haibadiliki. Mawimbi yanapanda kilomita 36,000 na kushuka kilomita 36,000 nyingine. Hata kwa kasi ya mwanga, hiyo ni karibu robo ya sekunde. Jibu likirudi kwa njia hiyohiyo, nusu sekunde imekwisha. Waliowahi kupiga simu ya ng'ambo enzi hizo wanakumbuka ukimya ule kati ya swali na jibu.

Katika simu, nusu sekunde ilivumilika. Intaneti ya kibiashara ilipofika kwetu katikati ya miaka ya 1990, nayo ikapita kwenye setilaiti hizohizo, nusu sekunde ikawa mzigo mzito. Kufungua ukurasa hakumalizwi kwa safari moja. Kompyuta huuliza kwanza tovuti iko kwenye anwani gani, kisha huita seva na kungoja kuitikiwa, kisha huomba ukurasa, kisha huomba picha zilizomo. Safari nne za nusu sekunde ni sekunde mbili, hata kama hakuna mtu mwingine mtandaoni. Hapo ndipo penye kuchelewa kwa kwanza, kule kwa umbali. Kupanua njia hakukusaidii. La kufanya ni kusogeza vitu karibu.

1968–1973: Visiwa vinavyozungumza kwa zamu isiyopangwa

Kuchelewa kwa pili, kule kwa kugawana hewa, kulifahamika kwa hesabu katika Chuo Kikuu cha Hawaii. Norman Abramson, mhandisi aliyevutiwa na visiwa hivyo kwa kupenda kuteleza juu ya mawimbi ya bahari, alikabiliwa na tatizo la jiografia. Kompyuta kubwa ya chuo ilikuwa Oahu, watumiaji wengine walikuwa visiwa vingine, na laini za simu zilikuwa ghali na mbovu. Yeye na wenzake, akiwamo Frank Kuo, wakaamua kutumia redio. Mfumo waliouita ALOHAnet ulianza kazi Juni 1971, ukisafirisha biti 9,600 kwa sekunde.

Uamuzi wao wa kijasiri ulikuwa kutompangia mtu zamu. Kugawa masafa vipandevipande, kila kituo na chake, kungekuwa upotevu, kwa kuwa mtu anayetumia kompyuta huandika kidogo kisha hufikiri kwa muda mrefu. Kwa hiyo wote walipewa masafa mamoja. Mwenye la kutuma alituma mara moja, kwa pakiti fupi. Kompyuta ya kati, iliyopewa jina la Menehune, ilijibu kwamba imepokea. Jibu lisipofika, kituo kilijua kwamba pakiti yake imegongana na ya mwingine, kikangoja muda wa kubahatisha, kisha kikarudia. Muda huo ulikuwa wa kubahatisha kwa sababu ya msingi: vituo viwili vilivyogongana vikisubiri muda ulio sawa, vitagongana tena.

Mpango huo ulifanya kazi, na hesabu zikaonyesha gharama yake. Vituo vingi vikirusha ovyo, njia huweza kupitisha kwa manufaa asilimia 18 tu ya uwezo wake. Mwaka 1972 Larry Roberts alionyesha kwamba kila kituo kikilazimishwa kuanza kutuma mwanzoni mwa vipindi vilivyopangwa, kiwango hicho hupanda mara mbili, hadi karibu asilimia 37. Ukikaribia kikomo, migongano huzaa marudio, marudio huzaa migongano zaidi, na muda wa kungoja hupanda bila mipaka. Yeyote aliyetumia mtandao wa ukumbini wakati mkutano umejaa amekutana na hesabu hiyo.

Mwaka 1972, akiwa mgeni katika nyumba ya mwenzake jijini Washington, kijana Bob Metcalfe alisoma makala ya Abramson usiku. Aliona udhaifu wake na namna ya kuurekebisha. Mei 1973, katika maabara ya Xerox PARC huko California, aliandika mpango wa Ethernet, akaujenga pamoja na David Boggs. Waliongeza adabu mbili: kifaa kisikilize kwanza kama njia ni tupu kabla ya kutuma, na kikigongana mara nyingi kipanue muda wa kungoja maradufu. Ethernet ilipita ndani ya waya, ambamo kifaa kinaweza kusikia mgongano papo hapo. Hewani hilo haliwezekani kwa urahisi, kwa kuwa sauti ya mtumaji mwenyewe huzizima nyingine zote. Tena mwaka 1975 Fouad Tobagi na Leonard Kleinrock walieleza tatizo jingine la hewani: vifaa viwili vinaweza kuwa mbali kiasi cha kutosikiana, huku vyote viwili vikisikika katikati. Kila kimoja kitadhani njia ni tupu, na kitakosea.

1986–1988: Foleni ya Berkeley

Kuchelewa kwa tatu kuliibuka katika nyaya. Oktoba 1986 mawasiliano kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, majengo yaliyotengana kwa chini ya mita 400, yalishuka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Hakuna waya uliokatika. Pakiti zilikuwa zikirundikana katika vifaa vya njiani. Kompyuta zilizokosa majibu kwa wakati zilidhani pakiti zimepotea, zikazituma tena, na marudio yakaongeza rundo.

Van Jacobson wa maabara hiyo, pamoja na Mike Karels wa chuo kikuu, walichunguza tukio hilo na kuchapisha dawa yake mwaka 1988. Kila mtumaji aanze polepole, aongeze kadiri majibu yanavyorudi, na akigundua pakiti imepotea achukulie kwamba njia imejaa na apunguze mara moja. Hakuna anayeamuru. Kila kompyuta hujizuia yenyewe kwa kusoma dalili hiyo moja. Kanuni hizo ziliinusuru intaneti, na misingi yake ingali inatumika.

Ndani yake hata hivyo mlikuwa na dhana mbili zilizofaa wakati ule: kwamba pakiti hupotea kwa sababu ya msongamano, na kwamba habari ya kupotea humfikia mtumaji upesi. Mtandao wa hewani ulikuja kuzivunja zote mbili.

1985–2003: Hewa isiyo na leseni

Mei 1985 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilichukua hatua iliyogeuza kanuni za 1912. Kwa msukumo wa mhandisi wake Michael Marcus, iliruhusu mtu yeyote kurusha mawasiliano bila leseni katika masafa kadhaa, mradi atumie nguvu ndogo na aeneze mawimbi yake kwa namna isiyoathiri wengine sana. Masafa hayo, yakiwamo ya gigahezi 2.4, yalionekana kuwa takataka. Yalikuwa yametengewa mitambo ya viwanda, ya tiba, na majiko ya maikrowevu.

Waliochangamkia nafasi hiyo mapema walikuwa wauza mashine za kuhesabia fedha madukani. Kampuni ya NCR, kupitia wahandisi wake wa Uholanzi, ilitaka mashine hizo ziunganishwe bila kutoboa sakafu kila duka linapopangwa upya. Vic Hayes wa kampuni hiyo akawa mwenyekiti wa kamati ya kimataifa ya kusanifu kanuni za pamoja, namba 802.11, kuanzia 1990. Kamati ilijadiliana kwa miaka saba. Kanuni za kwanza zilitoka 1997 zikiwa na megabiti 2 kwa sekunde; za 1999 zikafika 11, na katika masafa ya gigahezi 5, 54. Julai 1999 Apple ilitoa kompyuta ya mkononi iBook ikiwa na nafasi ya redio hiyo, na jina Wi-Fi likaanza kuenea.

Nyumba nazo zilikuwa na ugumu wake, kwa sababu mawimbi hudunda ukutani, kwenye mabati na kwenye makabati, yakafika mara nyingi kama mwangwi. Katika shirika la utafiti la Australia, CSIRO, John O'Sullivan na wenzake walikuwa na uzoefu wa hesabu za kusafisha mawimbi kutoka angani. Mwaka 1992 waliomba hataza ya mbinu ya kuugawa mzigo katika mikondo mingi ya polepole inayokwenda sambamba, ili mwangwi usiiharibu data inayofuata katika mkondo huo. Mbinu ya namna hiyo ndiyo iliyowezesha kasi ya megabiti 54 ya 1999 na nyingine zilizofuata.

Ukiichunguza Wi-Fi kwa ndani, unamkuta Abramson. Kifaa husikiliza, hungoja muda mfupi wa kubahatisha, hutuma, kisha husubiri kithibitisho. Kisipopata, hupanua muda wa kungoja na kurudia, mara kadhaa, kabla ya kukata tamaa. Simu, runinga, kompyuta na rauta ya jirani vyote vimo katika zamu hiyo isiyopangwa, na kwenye gigahezi 2.4 kuna njia tatu tu zisizoingiliana. Katika ghorofa za Kariakoo, Dar es Salaam, au Eastleigh, Nairobi, rauta kadhaa huweza kuwa kwenye njia moja. Mwaka 2003 watafiti wa Grenoble, Ufaransa, walionyesha jambo lililowashangaza wengi: simu moja iliyo mbali na rauta, ikituma polepole, huwavuta wote waliopo kwenye mwendo wake. Mfumo hugawa zamu sawa, lakini zamu ya aliye mbali hudumu muda mrefu zaidi hewani.

Hapo ndipo dhana ya kwanza ya 1988 ilipovunjika. Hewani pakiti hupotea kwa kelele, kwa ukuta, kwa mtu aliyepita kati. Kama kila upotevu ungeripotiwa, watumaji wangejizuia bila sababu. Kwa hiyo wasanifu wa Wi-Fi na wa minara ya simu waliufunika upotevu: redio irudie yenyewe, kimyakimya, na pakiti nyingine zingojee pembeni. Uamuzi huo ulikuwa na mantiki, ila ulihitaji mahali pa kungojea pakubwa.

2000–2010: Kusogeza vitu karibu

Wakati Wi-Fi ikienea, Afrika Mashariki ilikuwa ingali ikipambana na kuchelewa kwa umbali, na sehemu ya umbali huo ilikuwa ya kujitakia. Barua pepe kutoka kwa mteja wa mtoa huduma mmoja wa Nairobi kwenda kwa mteja wa mwingine katika mji huohuo ilipanda setilaiti, ikavuka bahari, ikapokezwa ng'ambo, ikarudi kwa setilaiti. Novemba 2000 watoa huduma wa Kenya walifungua kituo cha kubadilishana data, KIXP, ili mambo ya Nairobi yamalizikie Nairobi. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya mawasiliano ya kimataifa, ililalamika, na baada ya wiki chache tu mamlaka ya udhibiti ikaamuru kituo kifungwe. Wanachama wake walitetea hoja yao kwamba hakuna la kimataifa katika waya unaounganisha ofisi mbili za mji mmoja. Februari 2002 kituo kilifunguliwa tena. Utafiti wa Internet Society uliochapishwa 2012 ulionyesha kwamba mawasiliano ya ndani yaliyokuwa yakichukua milisekunde 200 hadi 600 yalishuka hadi 2 hadi 10. Dar es Salaam nayo ilijenga kituo chake miaka michache baada ya kile cha Nairobi.

Hatua ya pili ilihitaji mikongo. Hadi 2009 mwambao wetu haukuwa na mkongo hata mmoja wa nyuzi za kioo. Tarehe 23 Julai 2009 SEACOM ulianza kazi, ukifika Dar es Salaam na Mombasa. TEAMS, ulioanzishwa na serikali ya Kenya, uliunganisha Mombasa na Fujairah mwaka huohuo, na EASSy ukafuata 2010, kutoka Afrika Kusini hadi Sudan. Ndani ya nyuzi mwanga husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, polepole kuliko hewani, lakini njia ni fupi mno ikilinganishwa na ile ya kupanda angani. Kwenda Ulaya na kurudi, muda ulishuka kutoka zaidi ya milisekunde 500 hadi chini ya 200. Bei zikaanza kushuka, simu za kisasa zikaingia, na watu wengi wa kwetu wakaiona intaneti kwa mara ya kwanza kupitia mnara, si kupitia waya.

Ilionekana kana kwamba tatizo la kuchelewa limekwisha. Kumbe lilikuwa limehama kutoka baharini likaingia sebuleni.

2010–2018: Rundo lililofichika

Mwaka 2010 Jim Gettys wa Bell Labs, mmoja wa wahandisi wakongwe wa intaneti, alikuwa nyumbani kwake Marekani akinakili faili kubwa. Akaona kwamba wakati mzigo unapita, kila kitu kingine ndani ya nyumba kinakufa. Alipopima, pakiti ndogo zilizopaswa kurudi kwa makumi ya milisekunde zilichukua zaidi ya sekunde moja. Waya wake ulikuwa mzima na kasi aliyoilipia ilikuwepo. Alianza kuwauliza wengine, akiwamo Van Jacobson, na jibu likawa kwamba ugonjwa uko kila mahali.

Chanzo kilikuwa bafa, hifadhi ambamo rauta huziweka pakiti zinazosubiri kutumwa. Bei ya kumbukumbu za kompyuta ilikuwa imeshuka sana, na watengenezaji, wakiamini kwamba kupoteza pakiti ni aibu, walijaza hifadhi kubwa katika modemu, rauta, simu na minara. Na hapo dhana ya pili ya 1988 ikavunjika. Mtumaji anapunguza mwendo pale tu pakiti inapopotea, na katika bafa kubwa hakuna kinachopotea hadi ijae yote. Hivyo huendelea kuongeza hadi foleni ifikie sekunde nzima, na simu ya video ya mwenye nyumba hukaa nyuma ya picha zinazopandishwa na mwanawe. Kivuko cha Likoni, Mombasa, kikizidiwa, kupanua uwanja wa kungojea hakumvushi mtu hata mmoja mapema; kunaongeza tu wanaosubiri. Bafa kubwa ilikuwa uwanja huo.

Dawa ilikuja haraka. Mei 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walichapisha kanuni iitwayo CoDel. Badala ya kuhesabu pakiti zilizopo kwenye foleni, inapima muda ambao kila pakiti imekaa humo. Foleni ikibaki na kuchelewa kwa zaidi ya milisekunde 5 kwa kipindi cha milisekunde 100, kanuni huanza kuangusha pakiti chache kwa makusudi, ili watumaji wapate habari mapema na wajizuie. Eric Dumazet na Dave Täht waliiunganisha na mbinu ya kutenganisha foleni, kila mazungumzo na yake, ili faili kubwa lisiizuie sauti ya mtu. Mchanganyiko huo, fq_codel, uliingia katika mfumo endeshi wa Linux mwaka huohuo na kuchapishwa rasmi kama hati ya kiufundi ya intaneti, RFC 8290, mwaka 2018. Täht na mamia ya watu wa kujitolea waliujaribu katika rauta za bei nafuu, wakatoa matokeo bure.

Kwa Wi-Fi kazi ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu foleni ilikuwa imefichwa ndani ya programu ya redio yenyewe. Mwaka 2017 Toke Høiland-Jørgensen na wenzake walionyesha kwamba foleni hiyo ikihamishwa na kusimamiwa vizuri, na kila kifaa kikigawiwa muda wa hewani badala ya idadi ya zamu, lile tatizo la Grenoble la 2003 hutoweka na kuchelewa hupungua kwa zaidi ya mara kumi wakati wa msongamano. Vifaa vilikuwa vilevile, na masafa yalikuwa yaleyale.

2021 hadi leo: Anga ya chini na mkongo uliokatika

Wi-Fi 6, iliyopitishwa rasmi 2021, iliipa rauta uwezo wa kupanga zamu na kugawa njia moja kwa vifaa kadhaa kwa wakati mmoja. Miaka 50 baada ya ALOHAnet, Wi-Fi ilianza kuachana na zamu ya kubahatisha ya Hawaii.

Angani pia umbali ulikatwa. Starlink, iliyoingia Rwanda na Kenya mwaka 2023, hutumia setilaiti zilizo takriban kilomita 550 juu, na kupanda na kushuka huchukua milisekunde chache tu. Hata hivyo kimo hakimalizi hesabu. Setilaiti ikiteremshia mzigo wako nchi ya mbali, umbali uliookolewa angani hulipwa ardhini. Somo la KIXP halijazeeka: data ya nyumbani na ibadilishwe nyumbani.

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini kaskazini mwa Durban, na Tanzania, Kenya, Uganda na majirani wakapata shida kwa siku kadhaa. Mzigo ulihamishiwa mikongo iliyobaki, ambayo haikupangiwa kuubeba wote, na sababu zetu zikakutana: njia zikawa ndefu zaidi na foleni zikawa nzito zaidi. Siku hiyo ilionyesha kwamba mikongo ya akiba, inayopita pande tofauti za bahari, ni ulinzi wa muda wa watu na wala si anasa.

Kutokana na historia hii, nadhani tunapimwa vibaya. Matangazo hutaja megabiti, ripoti hutaja megabiti, na mteja hulalamika kwa megabiti. Mamlaka zetu za udhibiti zingepaswa kutangaza pia muda wa kwenda na kurudi wakati njia imejaa mzigo, kwa sababu hapo ndipo foleni hujitokeza. Mteja anaweza kuanza mwenyewe: apandishe faili kubwa, na papo hapo apime muda wa pakiti ndogo. Muda huo ukiruka kutoka makumi ya milisekunde hadi mamia, bando kubwa zaidi litamsaidia kidogo. Rauta yenye usimamizi wa foleni itamsaidia sana. Akikaa karibu na rauta na kutumia gigahezi 5, atakuwa amepunguza pia ugomvi wa hewani, kwa faida ya wote walio nyumbani.

Katika kuchelewa kwote tulikopitia, kasi ya mwanga peke yake ndiyo isiyojadilika. Kilichobaki, kuanzia bafa zilizovimba, zamu zisizopangwa, hadi barua ya Nairobi kupitia ng'ambo, kilitokana na maamuzi, na kila kimoja kina dawa iliyokwisha kujaribiwa na kuchapishwa bure. Kazi iliyobaki ni kuidai.